Sekunde Saba za Bibi Gaudensia

1

Miezi minane bila kazi humfundisha mtu kucheka hata pasipochekesha, na ndivyo alivyokuwa akifanya Skolastika Kobelo asubuhi ile katika ofisi za kampuni ya Pokea, mjini Morogoro. Ofisi zenyewe zilikuwa godauni la zamani la katani, limepakwa rangi nyeupe na kuwekewa viti vya kubembea. Aliyekuwa akimchekesha ni mwenye kampuni, Apolinari Mlali, kijana wa miaka thelathini na moja, mwepesi wa maneno na mwenye adabu za nyumbani kwao. Alimwita dada Skola, akamkaribisha chai na maandazi, akauliza hali ya mama huko milimani. Baada ya yote hayo ndipo aliposema angependa aanze kazi Jumatatu.

Skola alikuwa mshonaji. Wa nguo? Hapana, yeye alishona mikono. Fundi hodari alikuwa akiwekewa nyuzi nyembamba chini ya ngozi, kutoka kiwikoni hadi kwenye ncha za vidole, na nyuzi hizo zilitunza kila alichogusa na kila alichofanya, miaka nenda miaka rudi. Hazikuchukua picha wala sauti, zilichukua mikono tu. Mshonaji alivaa glavu, akaichezesha rekodi, na mikono yake mwenyewe ikaenda ilikokwenda ile ya fundi, ikihisi joto lile, unyevu ule na uzito uleule. Akikuta fundi amejikuna, amesinzia au amekosea, alikata na kuunga. Kilichobaki kiliingizwa kwenye mashine yenye mikono miwili, na mashine ikawa fundi.

Alifanya kazi hiyo miaka tisa Dar es Salaam, katika kampuni kubwa yenye mgahawa wa ghorofani. Enzi hizo mikono ndiyo ilikuwa habari ya mjini. Kabla yake habari ya mjini zilikuwa mashine za kuongea, na kabla ya hizo mashine za kuandika programu, zilizowaacha vijana chungu nzima wa kompyuta wakirudi kwao kufuga kuku. Wenye mitaji nao ni nzige, wakimaliza shamba hili wanarukia lile. Siku moja mashine zikaanza kujibunia mikono zenyewe, bila fundi na bila mshonaji, na Skola na wenzake mia nane wakaachishwa kwa ujumbe wa mistari minne. Mstari wa nne uliwatakia sikukuu njema.

Mikono ya kubuni ilipika, ikafuma vikapu, ikafungua injini na kuifunga. Kuzalisha ikashindwa. Hakuna wanawake wawili wanaojifungua sawasawa, na mashine iliyojifunza kwa kubahatisha ilibahatisha pia mahali ambapo mtu habahatishi. Ilihitajika mikono iliyoyaona yote, na rekodi ya namna hiyo ambayo haijauzwa popote ilikuwa moja tu nchini. Ilikuwa ya Bibi Gaudensia, mkunga wa Kinole, uzazi elfu moja mia nne na kumi na mbili, na Bibi Gaudensia ndiye mama mzazi wa Skola. Skola ndiye aliyemwekea nyuzi zile. Hata hivyo hakuwahi kuifungua rekodi hata siku moja, kwa sababu mtoto hachungulii siri za uzazi za mama yake, hata awe mtaalamu wa namna gani.

Apolinari alimwonyesha orodha ya zahanati arobaini na moja zisizo na mkunga wala muuguzi. Wauguzi walikuwa wamekwenda ng'ambo kuogesha wazee wa watu, na nani angewalaumu? Wanawake wa vijiji hivyo walijifungua na majirani, na wengine peke yao. Mashine za Pokea zilikuwa tayari ndani ya masanduku, zikisubiri mikono. Mfuko mmoja wa ng'ambo, wa nchi ambako watoto wamekuwa adimu, ulikubali kuzilipia zote. Ila ulikuwa na sharti moja, na hapo Apolinari akaiweka chini chai yake.

Sharti lilikuwa mtoto kwanza. Mfuko ulihesabu watoto waliozaliwa hai, basi. Katika uzazi wote wa Bibi Gaudensia kulikuwa na kesi kumi na nne ambazo mikono ilimwacha mtoto ambaye moyo wake ulikuwa bado unapiga, ikamgeukia mama anayevuja damu. Wenye mfuko waliziona katika nakala ya majaribio, ile isiyoruhusiwa kuuzwa bila sahihi ya mwenye mikono, wakasema hazifai. Mashine isimwache mtoto mpaka apumue mwenyewe. Mshonaji angeikata ile hali ya kugeuka, aiunge mikono upya, na kama ilivyo ada ya kazi, avae glavu na kupitia kila kesi aliyoikata hadi mwisho, mashine ikikadiria mambo yangekuwaje. Mshonaji asipoigusa mwenyewe kwa mikono yake, kazi haipokelewi.

"Dada Skola, kati ya uzazi elfu moja hayo yanatokea mara kumi," Apolinari alisema. "Mia tisa na tisini wanapona mama na mtoto. Tusipopeleka kitu, unajua mwenyewe wanakufa wangapi."

Skola alijua. Alijua pia kwamba debe la unga nyumbani kwake lilikuwa tupu, na kwamba mwenye njaa hana miiko. Hata hivyo aliomba kwanza azipitie zile kesi kumi na nne, ndipo ajibu.

Apolinari hakuwa na kipingamizi. Akaongeza kuwa kuna kitu kingine cha kusafisha, kasoro ndogo ambayo vijana wake hawakuielewa. Katika kila kesi kati ya hizo, kabla ya kumgeukia mama, mikono ilisita kwa sekunde saba. Mkono wa kulia ulikwenda kwenye maji, ukarudi kichwani kwa mtoto, ukafanya hivyo mara tatu. Vijana walidhani bibi alikuwa akinawa.

2

Walimpa chumba kidogo chenye dirisha la kuelekea milimani. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, na watu wa ofisini walikuwa wakibishana kwa sauti kuhusu mpira. Skola alifunga mlango, akavaa glavu zilizomfika viwikoni, akafungua kesi ya kwanza.

Ni jambo gumu kulieleza, mtu kuwa na mikono ya mama yake. Ilikuwa na haraka isiyo na papara. Ilipokea kichwa, ikageuza bega, ikaukuta mshipa wa kitovu umezunguka shingo na kuuondoa kama mtu anayevua rozari. Mtoto alikuwa mlegevu. Vidole viwili vilitua kifuani kwake, vikahisi mapigo ya polepole. Mikono ikamsugua mgongo, ikampulizia pumzi kwa kifuko cha mpira, ikamsugua tena. Kisha kitu cha moto kikafika kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, kikaendelea kuja, na Skola akatambua kuwa ni damu ya mama, tena nyingi. Mkono wa kulia ukaenda kwenye bakuli. Ukachota maji kiganjani, ukayamwaga juu ya utosi wa mtoto, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Halafu ukamlaza chini.

Alisimamisha rekodi. Vijana wa watu wamesoma vyuo vikubwa, lakini hawajui kitu. Kunawa gani huko? Mama alikuwa akibatiza. Kinole yote ilijua kuwa Bibi Gaude, kama walivyomwita, alifundishwa na masista zamani hizo kwamba mtoto akiwa hatarini kufa na padri yuko mbali, yeyote aliye karibu anaweza kumbatiza, na kwamba mkunga anayemwacha mtoto aende bila ubatizo atajibu. Sekunde saba zilimtosha kuchota, kumwaga na kusema maneno. Skola alijikuta analia, lakini yalikuwa machozi ya kumwonea mama yake fahari.

Akaendelea, ya pili, ya tatu, ya saba. Kila mara mapigo, damu, maji mara tatu. Aliyapitia hivyo bila kujihadhari, mpaka kesi ya kumi na moja.

Mikono ilikuwa ikipapasa tumbo la mwanamke kuangalia mtoto amelalaje. Kiganja cha kulia kikapita chini ya kitovu, upande wa kulia wa tumbo, kikakuta kovu. Lilikuwa kovu nene lililopinda katikati, la mtu aliyepasuliwa kidole tumbo na kushonwa na mwanafunzi. Skola alilijua kovu hilo. Alilipitishia sabuni kila siku tangu akiwa na miaka kumi na tisa.

Alikumbuka mvua ya mwaka ule, miaka sita iliyopita, alipopanda Kinole kwenda kupumzika mwezi mmoja kabla ya siku zake za kujifungua na uchungu ukamkuta hukohuko, daraja limesombwa na hakuna gari la kushuka. Alimwambia mama azime nyuzi, kwa sababu yapo mambo hayawekwi kwenye kumbukumbu, na mama akasema ameshazima. Kwa haraka ile, kumbe alisahau. Skola mwenyewe alipoteza fahamu, na alipozinduka siku ya pili akaambiwa mtoto alizaliwa keshatangulia, hakuvuta hata pumzi moja, na wanawake wa jirani wameshamzika. Mumewe Athanas alipofika alikuta kaburi. Mtoto hawakumwona, si yeye wala mumewe. Athanas alivumilia mwaka mmoja wa nyumba isiyoongea, akahamia Mbeya, na hakuna aliyemlaumu.

Angeweza kuvua glavu. Nafsi yake yote ilimwambia avue. Lakini mikono ilikuwa imeshaanza kupokea, na hangeweza kumwachia mtu mwingine.

Alizaliwa mzito. Alikuwa na nywele nyingi zilizolowa, na sikio moja lililokunjika. Alikuwa mlegevu, hapumui, na vidole viwili vilipotua kifuani kwake, Skola alihisi moyo wa mwanawe unapiga. Ulipiga polepole, kama mtu anayebisha hodi katika nyumba asiyokuwa na hakika nayo. Mikono ilimsugua, ikampulizia, ikamsugua. Moyo ukashika kasi kidogo. Kisha ile damu ya moto ikafika kifundoni, na ilikuwa damu yake mwenyewe.

Mikono haikutaka kuondoka, hilo alilihisi. Katika zile kesi nyingine, damu ilipofika tu, mkono ulikwenda kwenye maji. Hapa ilibaki juu ya mtoto, ikapuliza mara tano zaidi ya kawaida yake, damu ikija. Halafu mkono wa kulia ukaenda kwenye bakuli.

Na aliyekwisha kufa habatizwi. Hata mtoto wa komunio ya kwanza anajua hilo. Maji ni ya walio hai.

Mikono ikamlaza chini, ikamwingia Skola tumboni, ngumi moja ndani na kiganja kimoja juu, ikabana kwa dakika kumi na tisa bila kulegea mpaka damu ikakoma. Kisha ikamrudia mtoto. Ilimkuta amepoa. Ikamwogesha taratibu, kwapa kwa kwapa, kidole kwa kidole, ikalinyoosha lile sikio lililokunjika, ikamfunga khanga. Ikamshika hivyo kwa muda mrefu sana. Skola naye akamshika, mikono yake ndani ya mikono ya mama yake, mpaka rekodi ilipoisha na glavu zikawa tupu.

3

Kesho yake alipanda Kinole. Alimkuta Bibi Gaudensia sebuleni amewasha televisheni ya vichekesho vya Kikongo, akichambua maharage kwenye ungo. Mikono ile iliyopokea nusu ya wilaya sasa ilitetemeka hivi kwamba maharage mazuri yalidondoka sakafuni pamoja na mabovu. Skola akaamkia, mama akaitikia marahaba, akamtazama toka juu mpaka chini na kumwuliza kama huko mjini siku hizi wanakula umeme, maana amebaki fremu.

Skola aliokota maharage yaliyodondoka. Alikuwa amejipangia maneno njia nzima, mengine makali, mengine ya kimahakama. Yote yakamtoroka.

"Mama, ulimbatiza."

Bibi Gaudensia hakuuliza nani. Alinyoosha mkono kuizima televisheni, akakosa kitufe mara mbili, Skola akamzimia.

"Nani kakwambia?"

"Mikono yako. Hukuzizima zile nyuzi."

Mama akaiangalia mikono yake pale ungoni kama watu waliomsaliti. Akakiri kwamba mtoto alikuwa hai. Alisema bila kuzungusha, kwa sauti ya mtu aliyetua kuni. Alikuwa peke yake siku ile, jirani aliyetumwa kuita msaada alikwama ng'ambo ya mto, na mtoto alitaka mikono miwili na Skola alitaka mikono miwili. Hakukuwa na ya tatu. Alimpulizia kupita kiasi, na kila pumzi aliyompa mtoto aliiona ikitoka kwa binti yake.

Skola alimwambia ameishi miaka sita akiamini tumbo lake ndilo lililoua. Alimwambia kwamba kila mwanamke mwenye mimba aliyepita mbele yake alimwona kama mtu anayejua kitu asichokijua yeye. Alimwambia zile siku arobaini, mama alipokuwa akimkanda kwa maji ya moto kila asubuhi kana kwamba kuna mtoto wa kunyonyesha, alikuwa akikandwa na mtu anayejua na hasemi. Alisema kwa sauti kubwa, kitu ambacho hakuwahi kukifanya mbele ya mama yake, na hakuomba radhi.

"Ningekwambia nini?" Bibi Gaudensia aliuliza. "Kwamba moyo ulikuwa unapiga nikamlaza chini? Maneno hayo anaambiwa mzazi aliye ndani ya arobaini? Na ukishatoka arobaini, unaambiwa siku gani?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na pale walikaa wazazi wawili, kila mmoja na wake. Skola akauliza alimbatiza kwa jina gani.

"Kizito," mama alisema. "Ndilo lililokuja haraka. Kila mwaka namwombea misa, nampa padri jina hilo, naye haulizi ni wa nani."

Skola alilitamka jina mara moja, kimoyomoyo, kujaribu linavyokaa. Halafu akalia, na mama akamwacha alie, akaendelea kuchambua maharage yake kwa sababu hakujua kingine cha kufanya na mikono.

Machozi yalipokwisha ndipo Skola alipomweleza ile kazi, mashine, zile zahanati arobaini na moja na sharti la mtoto kwanza. Akaeleza pia habari njema, au aliyoidhani njema. Asubuhi ile Apolinari alikuwa amepiga simu akiwa amepata njia, na wenye mfuko wameikubali. Mwanamke ataulizwa mapema, angali na nguvu zake, kwamba ikifika pabaya aokolewe nani, yeye au mtoto. Atagusa jibu kwenye kioo, na mashine itafuata. Hakuna atakayechaguliwa na mtu mwingine. Skola alilipenda wazo hilo. Lilimwondoa yeye kwenye kisu.

Bibi Gaudensia alisikiliza mpaka mwisho. "Wewe ungejibu nini?"

"Ningesema mtoto."

"Ndiyo maana sikukuuliza."

Alisema katika miaka arobaini ya kuzalisha hakumsikia mwanamke hata mmoja aliyejitaja mwenyewe. Wenye watoto sita nyumbani walisema mtoto. Wasichana wa miaka kumi na saba walisema mtoto. Wengine walisema wakiwa wanamwangalia mama mkwe usoni. Hicho kioo chenu, alisema, ni cha kumpa usingizi aliyekata, si cha kumsaidia anayezaa. Kama wanataka kukata, wakate, lakini wasimtwishe mwanamke wa watu kujihukumu mwenyewe halafu wamwambie amechagua.

Skola akauliza basi afanye nini, akatae? Mama akauliza hao wa vijiji hivyo sasa wanazalishwa na nani. Skola akamwambia hakuna mtu. Bibi Gaudensia akatikisa kichwa taratibu, akaomba karatasi ya ruhusa ya kuitumia rekodi, ambayo Skola alikuja nayo, kwa maana mwenye mikono alikuwa yeye na bila dole gumba lake hakuna kinachouzwa. Kidole kilitetemeka mno, kikachafua mahali pa sahihi, ikabidi Skola akishike na kukibonyeza.

"Ruhusa hiyo hapo," mama alisema. "Ila kuchagua, chagua wewe. Mimi nilishachagua langu na nimelibeba. La kwako siwezi kukubebea."

Skola alishuka mlima na karatasi kifuani. Alihesabu zahanati moja moja, akawahesabu wanawake mia tisa na tisini, akawahesabu na wale kumi. Hesabu ilimwambia akubali, na ilikuwa hesabu sahihi. Lakini mimi sitamsitiri kwa uongo, kwani lipo jambo alilolijua na hakumwambia mtu. Akiikubali kazi, ataikata kesi ya kumi na moja. Akiikata, itambidi kuipitia hadi mwisho, kwa mikono yake, kama ambavyo mambo yangekuwa.

Jioni hiyo alimpigia Apolinari. Alisema atakuja Jumatatu, kwamba wanawake wasiulizwe kitu, na kwamba kesi zile kumi na nne zisiguswe na mshonaji mwingine.

4

Jumatatu alikata kesi kumi na tatu kabla ya chakula cha mchana. Alikuwa mshonaji mzuri, kisu chake hakikuacha mshono. Aliondoa kule kugeuka na aliondoa zile sekunde saba, kwa sababu mkono usiomwacha mtoto hauna haja ya kumuaga. Kesi moja baada ya nyingine aliijaribu, na kioo kikaandika kuwa imefaulu. Watoto kumi na wawili walipona. Mmoja alikuwa dhaifu mno, hata mikono yote miwili haikumfaa, na kioo kikaandika imefaulu vilevile, kwa kuwa mikono haikuondoka. Akina mama tisa walikufa. Hilo kioo hakikuliandika popote. Alilijua kwa damu iliyokuwa ikimfika kifundoni na kuanza kupoa.

Apolinari alipita mlangoni kumwuliza kama atakula. Alimwona uso, akasema atamwekea.

Kesi ya kumi na moja aliiacha ya mwisho. Aliikata kwa dakika nne. Kisha akafunga mlango, akavaa glavu, akaianzisha.

Kovu likapita chini ya kiganja. Kichwa kikaja, bega likageuka, na mtoto akaingia mikononi mwake, mzito, mwenye nywele nyingi na sikio lililokunjika. Vidole viwili vikatua kifuani. Akapuliza, akasugua, akapuliza. Damu ikafika kifundoni, ya moto, na mikono haikutikisika. Ikaendelea. Dakika ya tatu moyo ukashika kasi. Dakika ya tano kifua kikajiinua chenyewe mara moja, kikatulia, kikajiinua tena. Skola aliacha kuhema. Dakika ya saba mgongo wa mtoto ukajaa nguvu, miguu ikapiga teke, na ingawa rekodi haina sauti, alihisi kilio kikipita kwenye mbavu ndogo chini ya viganja vyake. Kiganja cha mtoto kikapapasa, kikakutana na kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia, kikakishika.

Alikishika kweli. Kwa nguvu zote za mtu aliyefika leo.

Nyuma ya mkono wake wa kushoto kulikuwa na paja la mwanamke, limelala limegusana naye tangu mwanzo. Lilikuwa likitetemeka. Baadaye likaacha kutetemeka. Skola alihisi joto likiondoka kwenye paja lake mwenyewe, polepole, na mikono yake haikugeuka, na yeye hakutaka igeuke. Angeulizwa palepale, angejibu vilevile. Akafahamu sasa mama yake alikuwa amemnyima nini, na alikuwa amempa nini, na kwamba vyote viwili vilikuwa kitu kimoja.

Kioo kikaandika. Kesi ya kumi na moja. Mtoto hai. Imefaulu. Chini yake kikatokea kitufe cha kuthibitisha, na kitufe hicho hubonyezwa kwa kidole cha shahada cha mkono wa kulia, maana ndicho chenye alama ya mshonaji.

Mashine ilimsubiri. Kwa utaratibu wa kazi, rekodi haisongi mbele wala hairudi nyuma mpaka mshonaji athibitishe, kwa hiyo mtoto alibaki pale, akipumua, amekishika kidole. Saa kumi ikapita. Watu walizima kompyuta zao, wakaagana, mmoja akauliza nani ana funguo za geti. Masanduku ya zahanati ya kwanza yalikuwa yameshapakiwa kwenye gari nje, na dereva alikuwa akisubiri mikono.

Skola alimtazama mwanawe, ingawa hapakuwa na kitu cha kutazama isipokuwa mikono yake ndani ya glavu mbili nyeusi juu ya meza. Alimwogesha kwa macho, kidole kwa kidole. Kisha akaanza kukivuta kidole chake. Mtoto hakukiachia kirahisi, ilibidi avute kidogo kidogo, kama anavyofanya mama anayetaka kuondoka kitandani bila kumwamsha mtoto, mpaka kikatoka. Akamlaza chini, akabonyeza.